Pan's Labyrinth: Muvi ya mazimwi ambayo hufai kuwekea watoi

Ukicheki kava ya Pan's Labyrinth, ni rahisi kudhani umepata muvi ya kutuliza watoi Jumapili mchana. Kasichana kamesimama mbele ya mti wa ajabu, basi. Unaiweka, unaenda jikoni kugeuza chapati, na ukirudi unapata kapteni wa jeshi akiponda uso wa kijana kwa chupa huku babake akiangalia. Noma!

Kwa hivyo usisome hilo jina ukadhani ni hadithi ya kulaza mtoto. Iliandikwa na kuongozwa na Guillermo del Toro, msee wa Guadalajara, Mexico, na ikatoka 2006. Kwa Kispanyola inaitwa El laberinto del fauno, yaani mzingile wa fauno, kile kiumbe nusu mtu nusu mbuzi. Huyo Pan wa kichwa cha Kiingereza hata hayumo, aliingizwa tu na wauzaji.

(Kama hujaicheki na hutaki kuharibiwa utamu, ruka mpaka aya mbili za mwisho.)

Mambo yanatokea Uhispania, 1944. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha 1939, Franco ameshika nchi, lakini kuna mbogi ya wapiganaji bado imejificha msituni. Ofelia, mtoi anayependa vitabu, anapelekwa na mathe wake kwenye kinu cha zamani milimani. Mathe ni mjamzito na ameolewa upya na Kapteni Vidal, buda aliyetumwa kumaliza hao wapiganaji. Vidal hana haja na mke wala mtoi wa kambo. Anataka kijana wa kurithi jina lake, na wote pale wanajua.

Hapo ndipo mdudu anageuka kichimbakazi na kumwongoza Ofelia hadi kwenye mzingile. Fauno anamwambia yeye ni binti mfalme wa ufalme wa chini ya ardhi, na kurudi kwao lazima amalize kazi tatu kabla mwezi haujawa mpevu. Ya kwanza ni ya matope, kunyang'anya chura mkubwa ufunguo chini ya mtini. Lakini ya pili ndiyo itakukosesha usingizi.

Anaingia kwenye ukumbi wenye meza imejaa dishi. Pale mwisho wa meza ameketi kiumbe mweupe, ngozi imelegea, hana macho usoni. Macho yako kwenye sahani mbele yake. Ukutani kuna picha zake akila watoto, na kando kuna rundo la viatu vidogo. Ofelia ameonywa asionje chochote. Anaonja zabibu mbili. Kile kitu kinachukua macho, kinayaweka kwenye viganja, kinainuka.

Utasema huyu mtoi ni mjinga. Lakini rudisha nyuma kidogo uangalie. Kule kinuni, Vidal ndiye anashikilia ghala. Wanakijiji wanapanga laini kupewa mkate kwa kadi, huku yeye akikalia kichwa cha meza na wageni wake, moto ukiwaka nyuma yake. Zimwi naye amekaa vivyo hivyo, kichwani mwa meza, moto nyuma. Na Ofelia usiku huo amelala njaa kwa sababu aliadhibiwa kwa kuchafua nguo. Nani hapo angeachana na zabibu?

Sasa ile stori ambayo imegawanya wasee tangu muvi itoke: je, haya yote yalikuwa kichwani mwa Ofelia? Wanaosema ndiyo wana ushahidi wao. Karibu na mwisho Vidal anamkuta ndani ya mzingile akiongea na fauno, na macho ya Vidal hayaoni mtu. Wanaosema la wanakuuliza swali moja: mtoi alitokaje kwenye chumba kilichofungwa na mlinzi mlangoni, kama si kwa ile chaki ya kuchora mlango ukutani? Del Toro mwenyewe amesema kwake ufalme ule ni wa kweli. Mimi niko upande wake, ingawa kila nikiirudia kuna dakika nayumba. Kuna ule mzizi wa tunguja ambao Ofelia anauweka kwenye maziwa chini ya kitanda. Mathe anapata nafuu. Unapotupwa motoni, mathe anaanguka papo hapo, na anafariki akijifungua. Bahati mbaya tu? Haya, niambie wewe.

Kazi ya tatu ni kumleta kaka yake mchanga na kutoa tone la damu yake. Ofelia anadinda. Fauno anamkumbusha atapoteza ufalme, yeye bado anadinda, na Vidal anampiga risasi. Muvi inaanza na kuisha na mtoi akitokwa damu, kwa hivyo usiseme hukuambiwa.

Fauno na lile zimwi la meza ni mtu mmoja, Doug Jones, Mmarekani ambaye hakujua Kispanyola. Alikariri maneno yake yote, na ya Ivana Baquero pia, mtoi aliyeigiza Ofelia, ili ajue zamu yake ikifika. Kuvalishwa kulichukua saa tano hivi, na akiwa zimwi alikuwa anaona kupitia matundu ya pua. Mwishowe sauti ya fauno ikawekwa na mwigizaji mwingine. Del Toro naye karibu apoteze kazi yote London aliposahau daftari la michoro yake kwenye teksi, dere akamrudishia. Muvi iligharimu kama dola milioni 19, ikaingiza zaidi ya milioni 80 na kubeba Oscar tatu: upigaji picha, mapambo ya seti na vipodozi.

Ukiitafuta, chukua ile ya Kispanyola yenye maandishi ya Kiingereza pale chini. Del Toro aliyaandika mwenyewe, kwa sababu tafsiri ya muvi yake ya awali, The Devil's Backbone ya 2001, ilimuudhi. Na watoi wakiwa wamelala, tafadhali.