Uchaguzi wa eneo la maktaba ya umma

Uchaguzi wa eneo la maktaba ya umma ni hatua ya kuamua mahali patakapojengwa maktaba inayotumiwa na watu wote. Uamuzi huo ni mgumu kubadilisha: vitabu na wafanyakazi huweza kuongezwa baadaye, lakini jengo hukaa palepale kwa miaka mingi.

Vigezo

Swali la kwanza ni nani ataweza kufika. Katikati ya mji ardhi ni ghali, kelele ni nyingi na nafasi ya kupanua jengo ni ndogo. Pembezoni kiwanja hupatikana kwa urahisi zaidi, lakini wasomaji wengi hulazimika kulipa nauli ya ziada.

Mkutubi Mmarekani Joseph L. Wheeler, katika andiko lake la mwaka 1958, alitetea katikati ya mji. Kwake maktaba kuu ilipaswa kuwa mahali ambapo watu wengi hupita kwa miguu kila siku. Maktaba ya Enoch Pratt aliyoiongoza mjini Baltimore ilipata jengo jipya mwaka 1933. Mlango wake uko usawa wa barabara, na madirisha yake huonyesha vitabu kama yale ya maduka.

Huangaliwa pia hatimiliki ya kiwanja, mkondo wa maji ya mvua, na usalama wa watoto wanapovuka barabara.

Afrika Mashariki

Maktaba Kuu ya Taifa ya Tanzania iko Dar es Salaam, kwenye Barabara ya Bibi Titi Mohamed, karibu na eneo la biashara. Ilifunguliwa na Rais Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Hutumika pia kama maktaba ya umma ya jiji.

Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931 katikati ya mji, jirani na Msikiti wa Jamia. Hata hivyo, hadi mwaka 1958 ilikuwa ya Wazungu pekee. Mfano huu unaonyesha kwamba eneo zuri halitoshi ikiwa mlango umefungwa kwa walio wengi. Mwaka 1962 ilichukuliwa na Halmashauri ya Jiji. Ina matawi Kaloleni na Makadara, mashariki mwa jiji.

Arusha

Maktaba ya Mkoa iko jijini Arusha. Mwanafunzi wa Nduruma, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Arusha iliyopo kusini-mashariki mwa jiji, huhitaji usafiri kufika mjini. Kwake jambo kubwa ni umbali kati ya maktaba na kituo cha daladala. Akilazimika kupanda gari la pili, atalipa nauli nne kwa kwenda na kurudi badala ya mbili. Kwa hiyo maktaba ya katikati ya mji huwafaa pia wakazi wa vijijini iwapo iko karibu na kituo. Isipokuwa hivyo, huhitaji matawi au masanduku ya vitabu yanayopelekwa shuleni.