Kiambishi Kilichotoka Kaskazini
Upatanisho wa kisarufi, yaani kitenzi kubadilika kufuatana na nafsi ya mtenda, ulikuwa mpana zaidi katika Kiingereza cha kale kuliko ulivyo leo, kwani hata nafsi ya pili umoja ilikuwa na kiambishi tamati chake, -st, kilichofifia pamoja na kiwakilishi "thou" baada ya "you" ya heshima kuenea kwa watu wote. Katika nafsi ya tatu umoja, kusini walitumia -eth, ilhali -s ilitoka kaskazini, ikaingia London na kutawala katika karne ya 17. Shakespeare alizichanganya zote mbili, lakini Biblia ya mwaka 1611 ilishikilia -eth. Katika vitenzi vya kawaida vya wakati uliopo, -s hiyo pekee ndiyo iliyosalia, nayo hukaa mwishoni, mahali ambapo Mswahili, aliyezoea kusikia nafsi mwanzoni mwa "ninasoma" na "anasoma", huisahau kwa urahisi.