Itifaki za Wazee wa Sayuni: urongo wa miaka mia na ushei

Kurasa za kitabu hiki hunifikia mara kwa mara kwenye WhatsApp. Kinadai kuwa viongozi wa Kiyahudi walikutana kwa siri wakapanga kuitawala dunia. Wanaonitumia ni watu wema, wenye uchungu na yanayowapata Wapalestina, na uchungu huo ninao pia. Lakini kuipinga serikali ya Israeli ni jambo moja, na kueneza kitabu cha kughushi ni jengine.

Kilitoka mwaka 1903 katika gazeti la Znamya, St Petersburg, Urusi. Mwenye gazeti, Pavel Krushevan, alikuwa na gazeti jengine huko Kishinev, na humo alikuwa akieneza kuwa Wayahudi huwaua watoto wa Kikristo kwa ajili ya damu. Uzushi huo ni wa kale, ulianza Uingereza karne ya 12. Aprili 1903 watu waliwavamia Wayahudi wa Kishinev, wakawaua 49. (Miezi michache baadaye Waingereza waliwapa Wayahudi fursa ya kuhamia Uasin Gishu, ardhi ambayo ina wenyewe. Kongamano lao likaikataa mwaka 1905.)

Mwaka 1921 Philip Graves, mwandishi wa The Times aliyekuwa Istanbul, alikiweka kitabu hicho ubavuni mwa kingine cha Mfaransa Maurice Joly, cha mwaka 1864. Aya nyingi zilikuwa zimenakiliwa humo, nyingine karibu neno kwa neno. Joly alikuwa akimkejeli mtawala wake, Napoleon wa Tatu. Hakuandika juu ya njama ya Wayahudi hata kidogo. Mwizi aliyatia maneno yake vinywani mwa wasemaji wengine.

Kule Marekani tajiri wa magari, Henry Ford, alikuwa amekinadi kwa miaka kupitia gazeti lake, akaja kuomba radhi hadharani mwaka 1927. Hitler hakuomba. Yeye aliandika kuwa magazeti kulalama kwamba ni cha kughushi ndio ushahidi bora kuwa ni cha kweli. Mtu akishafika hapo, dalili gani tena itamrudisha?

Utawala wake uliahidi kudumu miaka elfu. Ulidumu 12, toka 1933 hadi 1945. Mwaka wake wa kwanza tu uliwafukuza wasomi wa Kiyahudi kazini. Einstein akaishia Marekani, Max Born akaenda Uingereza, na elimu yao ikawafaa wengine. Mwaka 1944, vita vikiwa vimeshawaelemea, Wanazi waliendelea kuwapakia Wayahudi kwenye treni: zaidi ya laki nne kutoka Hungaria kwa muda wa miezi miwili hivi, wengi wao wakipelekwa Auschwitz. Jumla waliouawa ni kiasi cha milioni sita. Na Wajerumani wenyewe waliachiwa nini? Miji iliyogeuka vifusi, na nchi iliyogawanywa kwa zaidi ya miaka 40.

Wanaodhani Uislamu unatutaka tuuamini urongo huu na waitazame Albania, nchi yenye Waislamu wengi. Wajerumani walipoishika mwaka 1943, wenyeji waliwaficha Wayahudi majumbani mwao, wakiwavisha nguo zao na kuwaita kwa majina ya Kiislamu. Mgeni wao kwao ni amana, nao huita ahadi hiyo besa. Vita vilipokwisha, Albania ilikuwa na Wayahudi wengi kuliko kabla ya vita.