Kuhama chuo: Usiache mbachao kabla ya kupima msala

MWANAFUNZI amemaliza muhula wa kwanza katika chuo kikuu kilicho karibu na kwao. Karo inalipika, chumba si ghali na nauli ya kwenda nyumbani ni ndogo. Tatizo ni moja: anapata alama za juu bila kukesha, na anahisi kwamba akili yake inalala. Je, ahame?

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo haikatazi kuhama; inakataza kuhama kabla ya kupima.

Kwanza, mwanafunzi achunguze ni nini hasa kilicho chepesi. Katika vyuo vingi nchini, mwaka wa kwanza hujaa masomo ya pamoja kama vile stadi za mawasiliano, ambayo ni mepesi kokote yanakofunzwa. Asome mtaala wa mwaka wa tatu na wa nne, kisha awaulize waliotangulia: Je, wahadhiri wapo? Maabara ina vifaa? Wanafunzi hupata nafasi za mafunzo ya nyanjani? Ikiwa hata wa mwaka wa nne wanalalamika, basi kasoro ni ya chuo.

Pili, athibitishe iwapo kozi yake inatambuliwa. Anayesomea sheria, uhandisi au uuguzi hawezi kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa na asasi husika ya taaluma. Kozi isiyotambuliwa ni hasara hata ikiwa karo yake ni ndogo, na hiyo ni sababu tosha ya kuhama mapema.

Tatu, ajue utaratibu. Wanafunzi wanaofadhiliwa na serikali hupewa nafasi na asasi ya KUCCPS, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Maombi ya kuhama pia hupitia huko. Fursa hiyo hutolewa kwa muda mfupi na huwalenga hasa wanafunzi wapya. Anayeomba sharti awe na alama za KCSE zinazohitajika katika kozi anayoitaka, na nafasi iwepo.

Aliyepitwa na fursa hiyo huenda akalazimika kujilipia karo yote, kama walivyofanya waliojiunga na mpango sambamba ambao Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mwaka 1998. Bodi ya mikopo, HELB, nayo sharti ijulishwe, kwa kuwa karo ya anayekopa hulipwa moja kwa moja kwa chuo alichosajiliwa.

Nne, ahesabu muda. Kwa mujibu wa viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya 2014, masomo yanayoweza kuhamishwa hayafiki nusu ya kozi. Aliyesoma miaka miwili kati ya minne asitarajie kuingia mwaka wa tatu moja kwa moja. Masomo yasiyolingana huenda yakamrudisha nyuma. Mwaka mmoja wa ziada ni kodi ya nyumba, chakula na mshahara uliocheleweshwa. Kwa mzazi aliyekwisha kuuza ng'ombe, huenda ukawa ng'ombe wa pili.

Ikibainika kuwa kuhama hakufai, kukaa si kukubali uzembe. Mwanafunzi wa biashara anaweza kufanya mitihani ya uhasibu ya KASNEB sambamba na shahada yake. Wengine waombe wahadhiri vitabu vya ziada na utafiti wa kusaidia. Akiba ya karo inaweza kulipia shahada ya uzamili katika chuo kikubwa baadaye.

Uamuzi huu usifanywe usiku mmoja, wala kwa sababu rafiki amehamia Nairobi. Mwanafunzi aketi na mzazi au mlezi, waandike gharama za kukaa na za kuhama, kisha walinganishe. Hata wakikubaliana ahame, asijiondoe chuoni kabla ya kupata barua ya kukubaliwa kule aendako, inayoonyesha masomo yaliyotambuliwa na mwaka atakaoanzia.