Namba ya tatu: safari ya kipimo cha presha hadi Tunduma

Mtu anayepimwa presha katika zahanati ya Tunduma, mkoani Songwe, hutajiwa namba mbili, ya juu na ya chini. Huambiwa iko vizuri au imepanda, akaenda zake. Namba ya tatu, inayopatikana kwa kutoa ya chini kwenye ya juu, mara nyingi haitajwi. Hiyo ndiyo presha ya mpigo. Mwenye 120 kwa 80 ana 40. Mwenye 160 kwa 70 ana 90. Historia ya namba hizi inawahusu watu wa Songwe kwa karibu, maana mabadiliko yaliyoeneza presha Afrika Mashariki ni yaleyale yaliyoukuza mji wa Tunduma: barabara, ajira na maisha ya kuhamahama.

Damu ndani ya bomba la kioo

Mtu wa kwanza kupima msukumo wa damu alikuwa Stephen Hales, kasisi wa Teddington, Uingereza. Alimlaza jike la farasi, akapenyeza kibomba katika mshipa wa paja na kukiunganisha na bomba refu la kioo lililosimamishwa wima. Damu ilipanda futi 8 na inchi 3, yaani takribani mita 2.5. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1733 Hales alieleza pia kwamba damu ile haikutulia: kila moyo ulipopiga, ilipanda na kushuka inchi 2, 3 au 4. Presha ya mpigo ilikuwa imeonekana kwa macho.

Moyo husukuma kisha hupumzika. Iweje basi damu isisimame moyo unapopumzika? Hales alitoa mfano wa pampu za kuzimia moto za zama zake. Pampu hizo zilikuwa na chumba cha hewa kilichopokea maji ya kila msukumo na kuyatoa mfululizo. Ateri kubwa, mishipa inayotoa damu moyoni, hufanya kazi hiyo mwilini. Moyo unaposukuma, kuta za ateri hutanuka na kuhifadhi sehemu ya damu. Moyo unapopumzika, kuta hizo hunywea na kuisogeza mbele. Mwaka 1899 Mjerumani Otto Frank aliliweka wazo hilo katika hesabu.

Hapo ndipo siri ya namba ya tatu ilipo. Ateri zikikakamaa kwa umri, sukari, sigara au presha ya miaka mingi, hupoteza uwezo wa kutanuka. Namba ya juu hupaa, ya chini hushuka, na pengo kati yake hupanuka.

Kutoka Turin hadi St Petersburg

Ilichukua zaidi ya miaka 160 kupata kipimo kisichohitaji kukata mshipa. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Turin, Italia, alitengeneza mkanda wa mpira unaofungwa mkononi na kujazwa upepo, ukiunganishwa na zebaki. Daktari alishika mapigo ya kifundo cha mkono na kusoma zebaki pale yalipopotea na kurudi. Njia hiyo ilitoa namba ya juu peke yake.

Mwaka 1905 daktari mpasuaji wa jeshi la Urusi, Nikolai Korotkov, aliweka kifaa cha kusikilizia chini ya mkanda huo, huko St Petersburg. Upepo ulipopungua alisikia mlio wa kwanza, nayo ikawa namba ya juu. Milio ilipokoma akaandika namba ya chini. Tangu hapo presha ya mpigo ikaweza kujulikana kitandani kwa mgonjwa, kwa hesabu ya kutoa tu.

Kisii, Nairobi, Hai

Mwaka 1929 daktari Mwingereza C. P. Donnison alichapisha vipimo vya watu 1,000 wa eneo la Kisii, Kenya. Kwa Waingereza presha ilizidi kupanda kadiri umri ulivyosonga. Kwa watu wa Kisii ilianza kushuka baada ya miaka 40.

Je, ilikuwa kinga ya damu ya Mwafrika? Jibu lilikuja miaka ya 1980, Neil Poulter na wenzake walipowafuatilia Wajaluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Ndani ya miezi michache tu mjini, presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki. Mkojo wao ulionyesha chumvi zaidi na potasiamu pungufu. Ukoo ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni maisha.

Nchini kwetu Tanzania, utafiti wa Ilala, Dar es Salaam, na Shari, wilayani Hai, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta takribani watu wazima 3 kati ya 10 wana presha ya 140 kwa 90 au zaidi. Chini kidogo ya mmoja kati ya watano miongoni mwao walijua, na waliodhibiti presha yao hawakufika 1%. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta 26% ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana presha.

Songwe na chumvi yake

Mkoa huu una historia ndefu ya chumvi. Mwaka 1966 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, na kukuta mabaki ya utengenezaji chumvi wa karne nyingi zilizopita. Maji ya chumvi yalichemshwa kwa kuni hadi yakauke. Kila kibaba kilitolewa jasho. Leo chumvi ni bei rahisi na imejaa katika vyakula tusivyovipika wenyewe. Figo zikishindwa kuitoa, maji hubaki mwilini, damu huongezeka ujazo na kuta za mishipa hubeba mzigo.

Reli ya TAZARA, inayopita Tunduma, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na barabara ya Zambia ikaifanya Tunduma lango la malori. Dereva hukaa kwenye usukani siku nzima, hula njiani na hulala kidogo. Mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, upande wa Zambia, kilizinduliwa ili mizigo ikaguliwe mara moja. Mwili wa dereva nao unastahili kukaguliwa hapohapo.

Presha haina dalili za kutegemewa, kwa hiyo kungoja kichwa kiume ni hatari. Omba namba zote mbili, ziandike, utoe. Pengo linalozidi 60, hasa kwa wazee, ni sababu ya kumuuliza daktari hata kama namba ya chini inapendeza. Pengo jembamba sana, lisilofika robo ya namba ya juu, kwa mtu aliyevuja damu au mwenye moyo dhaifu, ni dharura. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa kujisikia nafuu.

Mkanda wa mkononi ni kifaa cha bei ndogo na kipimo chake ni cha dakika chache. Halmashauri, vyama vya madereva na wenye malori wakiuweka pale foleni inapoanzia, wengi watajua hali zao kabla ya kiharusi kuwajulisha.