Mbuzi wa Cameroon, kamba ya Kilwa

Kiswahili kinakula sana. Mtu anakula rushwa, anakula njama, anakula hasara, na kiongozi mpya hawezi kuanza kazi kabla ya kula kiapo. Akiteuliwa tu, mtaani wanasema jamaa kapata ulaji. Hakuna anayeshtuka.

Mwaka 1989 Mfaransa mmoja, mwanasayansi ya siasa Jean-François Bayart, alichapisha kitabu kuhusu dola barani Afrika, L'État en Afrique, akakipa jina la pili ambalo mtu wa hapa Njinjo angelielewa bila mkalimani: siasa za tumbo. Hakulitunga Paris. Alilikuta Cameroon, nchi aliyoitafiti tangu ujanani na kuiandikia kitabu mwaka 1979. Wacameroon wanasema mbuzi hula pale alipofungwa. Sisi wa kwetu hula kwa urefu wa kamba yake. Ni mbuzi yuleyule.

Bayart alizaliwa 1950. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa mmoja wa walioanzisha jarida la Politique africaine, na kuanzia 1994 hadi 2000 aliongoza CERI, kituo cha utafiti wa siasa za kimataifa cha Sciences Po. Baadaye akafundisha Geneva. Alipoanza kuandika, wasomi wengi walituweka kwenye mafungu mawili: ama tuko nyuma na siku moja tutafika, ama tumenyonywa kiasi kwamba hatuna tunachoamua. Yeye aliyakataa yote mawili. Alisema dola zetu zina historia yake, na kwamba kula ni namna ya kutawala: mkubwa anakula, anagawa, na aliyegawiwa anamuunga mkono. Wanaoishia kwenye jina la kitabu hudhani anatuita wala rushwa. Siyo. Anazungumzia pia undugu, heshima na hofu, maana anayekula peke yake hadumu.

Kama unaona hayo ni ya Cameroon tu, kumbuka takrima. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi iliwaruhusu wagombea kuwakirimu wapiga kura. Mahakama Kuu ikaja kuifuta ruhusa hiyo mwaka 2006, ikisema inakwenda kinyume na Katiba. Kwa miaka sita, neno zuri la ukarimu lilikuwa kamba ya mbuzi.

Hoja yake ya pili ndiyo inayotugusa zaidi watu wa Kilwa. Bayart anasema watawala wa Afrika hawakukaa wakisubiri kutendewa na wageni. Waliutumia ugeni wenyewe, yaani silaha, mikopo, dini na mikataba ya nje, kujijengea nguvu nyumbani.

Tazama Kilwa Kisiwani, Septemba 1776. Sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa mwingine, mfanyabiashara Jean-Vincent Morice. Watumwa 1,000 kila mwaka, piasta 20 kwa kila mmoja, na juu yake sultani apewe zawadi ya piasta 2 kwa kila kichwa. Muda: miaka 100. Watu hao walitakiwa kwenye mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Sultani alikuwa na hesabu zake, kwani Oman ilikuwa inainyemelea Kilwa na rafiki mwenye mizinga alimfaa. Hakuburutwa kusaini. Hapo Bayart anapata pointi zote. Mkataba wenyewe haukufika mbali, maana katika miaka ya 1780 Oman iliirudisha Kilwa mikononi mwake.

Ila Njinjo haiko kisiwani. Iko bara, upande wa Mto Matandu, na watumwa wa Kilwa walitoka bara. Ukiusoma mkataba ule ukiwa huku, akili ya sultani haikushangazi sana. Unabaki na 1,000. Tukisifu ujanja wa waliokuwa mezani, tunaweza kusahau kwamba kuna waliokuwa chakula.

Kwa haki yake, Bayart aliliona pengo hilo. Mwaka 1992, pamoja na Achille Mbembe na Comi Toulabor, alitoa kitabu kuhusu siasa kutoka chini, siasa za wasiokuwa na vyeo. Nasi mfano tunao. Julai 1905, kule Nandete, Umatumbi, watu waliolazimishwa kulima pamba ya Wajerumani waliing'oa. Maakida na majumbe walikuwa wakila kwa kamba ya Mjerumani. Wakulima wakaenda kwenye kigingi chenyewe. Jibu la serikali lilikuwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Kwa hiyo msome Bayart, tena msome vizuri. Ila ukifika kwenye neno tumbo, hesabu yote mawili: lililoshiba kwa mkataba na lililolala njaa baada ya Maji Maji. La pili nalo ni siasa.