Pointi za mezani

Kuanzia uwanja wa Kirumba hadi wa Kaitaba, shabiki wa soka Tanzania akisikia “pointi za mezani” hahitaji kamusi: ni ushindi wa kikaoni, si wa uwanjani. Aprili 2017 Kagera Sugar iliifunga Simba 2-1 mjini Bukoba. Simba wakalalamika kwamba beki wa wenyeji alicheza akiwa na kadi tatu za njano, hivyo hakustahili kuwa uwanjani. Kamati ya Saa 72, inayosimamia uendeshaji wa ligi, ikawapa Simba pointi. Kamati nyingine ya shirikisho la soka, TFF, ikazirudisha Kagera. Msimu ukaisha Yanga wakitwaa ubingwa kwa kuwazidi Simba tofauti ya mabao tu. Lakini mwamuzi akikunyima penalti, meza haikusaidii: kwa Sheria ya 5 ya soka, uamuzi wake kuhusu tukio la mchezo ni wa mwisho. Lalamika hadi kesho, matokeo hayabadiliki.